Uma Upande wa Kushoto

Enzi za ruksa, biashara ilipoachiwa huru na maduka ya Kariakoo yalipojaa dawa ya meno ya kila rangi, Kiingereza nacho kiliingia sokoni. Juu ya duka moja la vitambaa, kata jirani ya Mchafukoge, mtu alikodi vyumba vitatu akafungua shule ya watoto wadogo. Mimi akanichukua niwe mwalimu msaidizi, niwazoeshe watoto wa miaka sita na saba Kiingereza na desturi za Waingereza. Uingereza sikuwahi kufika. Yangu niliitoa kwenye kitabu cha adabu kilichong'oka jalada, nilichonunua kwa muuza vitabu chakavu, Mtaa wa Msimbazi.

Nilikuwa kwenye majaribio ya miezi mitatu. Mkuu wa shule hakunificha: siku ya wazazi watoto wangekula mezani kama Waingereza mbele ya watu. Wakipendeza, nabaki. Wasipopendeza, kwaheri.

Nikaanza na uma. Kisu kulia, uma kushoto, chakula kipelekwe mdomoni kwa mkono wa kushoto. Watoto wakatazamana. Mmoja akanong'ona, "Mwalimu hajafundwa." Lakini kufikia Ijumaa walikuwa wamezoea, tena kwa furaha ya mtu aliyepewa ruhusa ya kukosa adabu.

Jumatatu asubuhi bibi wa mwanafunzi wangu mmoja alipanda ngazi, akihema.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemfundisha mjukuu wangu kula kwa mkono wa chooni?"

"Bibi, ni uma tu..."

"Na huo uma kaushika kwa nini, mguu?"

Mkuu alitoka ofisini kutetea biashara yake. Wazazi wanalipia Uingereza, alisema, na Uingereza uma uko kushoto. Mwenye duka la chini, baba wa Kihindu, alikuwa amemleta mwanawe, nikamtazama aniokoe.

"Hapo mimi na mama huyu tuko pamoja," akasema. "Kushoto, hapana."

"Siku ya wazazi nitakaa mbele," bibi akamwambia mkuu. "Nikimwona kainua kushoto, namtoa, na mtaa mzima utanifuata."

Akashuka. Mkuu akanigeukia: "Uma usipokuwa kushoto, utashuka wewe."

Jioni nilikisoma kitabu upya, ukurasa kwa ukurasa, kama mtu anayetafuta tundu kwenye ukuta. Nikalipata kwenye sura ya supu. Supu huliwa kwa kijiko, na kijiko ni mkono wa kulia. Uma hupangwa kushoto kwa sahani, ukingoja chakula kinachofuata.

Tukaanza mazoezi mapya. Niliagiza supu ya boga, ili hata watoto wasiogusa nyama kwao waweze kula. Kitabu kilitaka kijiko kisukumwe mbele, mbali na mlaji.

"Mwalimu, mbona tunaifukuza?"

"Isijue kwamba tuna njaa."

Siku ilipofika, kila mtoto alikuwa na uma wake umenyooka kushoto. Bibi alikaa mbele, macho kwenye mikono kama refa. Mikono ya kushoto yote ilitulia mapajani. Supu ikafukuzwa, ikaliwa, ikaisha. Watoto wakafuta midomo, wakasimama, wakashukuru kwa Kiingereza. Makofi.

Mkuu akaniinamia. "Na chakula cha pili?"

"Kinangojwa."

"Kiko wapi?"

"Hakipo."

Akazitazama uma, zote kushoto kama alivyoagiza. Akawatazama wazazi. Kisha naye akapiga makofi.

Bibi alisogea mezani akaunyooshea kidole uma wa mjukuu wake. "Na hili dude?"

"Usiguse, bibi! Hilo ni la kuwekwa tu. Ndiyo Uingereza yenyewe," mjukuu akamwonya.

Bibi akalitazama kidogo. "Basi na wakae nalo," akasema, akaniuliza kama supu imebaki.

Nilifundisha pale miaka minne. Chakula cha pili hakikuletwa.