Pointi Kumi za Kutokuwa na Mume

Kazi yangu ni ya maabara. Kwa miaka tisa nimepokea vikopo vya kinyesi, makohozi na usaha vya watu wa Tanga na vijiji vyake, nikavifungua, nikachota, nikapaka kwenye kioo, nikainamia darubini. Wanafunzi wanaokuja kwa mazoezi hukunja pua wiki nzima ya kwanza. Mimi sikumbuki kukunja pua hata siku moja. Nayasema haya mapema ili nisidhaniwe mtu wa kuchefukwa ovyo. Ninachosimulia hapa kilinichefua, kinanichefua mpaka leo, na sehemu kubwa ya kichefuchefu chenyewe ni juu yangu.

Habari za Australia nilizipata kwa mwenzangu wa kazini aliyetangulia kwenda. Alinieleza kwa simu kwamba kule serikali za majimbo huwatazama watu waliojiandikisha kutoka duniani kote, kisha huchagua wale wenye ujuzi wanaouhitaji, hasa kwa ajili ya miji midogo ambayo wenyeji wenyewe wanaihama. Unapewa pointi kwa umri, elimu, uzoefu na Kiingereza, halafu unakaa kusubiri jimbo likualike. Wanauita hivyo hivyo, mwaliko. Kwetu mwaliko ni kadi ya harusi, au mtu anatumwa mlangoni kusema mnaitwa kwenye maulidi. Nililipenda neno hilo. Nilijiona nimesimama mlangoni kwa watu nimevaa vizuri, nakaribishwa ndani.

Nilikuwa na mume wakati huo. Alikuwa na duka la vipuri vya pikipiki Ngamiani, mzaliwa wa Moa, mcheshi, wateja wanampenda. Tulikuwa na miaka sita ya ndoa na hatukujaaliwa mtoto. Tulikubaliana tutakwenda wote. Vyeti vyangu vilikaguliwa vikapita, na mtihani wa Kiingereza nikaufaulu vizuri. Yeye alikwenda Dar es Salaam mara mbili kufanya mtihani uleule, na mara mbili akarudi hajafikia alama. Ile mara ya pili alikataa chakula, akalala amegeukia ukutani. Nilimwambia si neno, tutasubiri. Tukasubiri zaidi ya mwaka. Majimbo yaliwaalika wengine, mimi nikaachwa kwa pointi chache tu, na nilikuwa naukaribia umri ambao pointi huanza kupungua.

Ndipo tukaenda kwa wakala, mtu mmoja aliyekuwa na chumba cha ofisi ghorofani, mezani ana bendera ndogo za nchi mbalimbali. Aliyapitia makaratasi yangu, kisha akamtazama mume wangu kama fundi anavyolitazama gurudumu lililopinda. Akasema tatizo ni mume. Mume ambaye hana alama za Kiingereza hakuletei kitu, lakini asiyekuwa na mume kabisa anapewa pointi kumi. Kwa pointi hizo ningealikwa raundi inayofuata. Wengi wanafanya, akasema. Mnaachana kwenye makaratasi, mama anapata viza, akishatulia kule mnaoana tena naye anamvuta mwenzake.

Nilimwambia talaka haina mchezo, ukiitamka kwa mzaha imepita. Akatabasamu, akaniambia dini anaijua. Nilimgeukia mume wangu nikitegemea atanyanyuka tuondoke. Alikuwa ameinama anaandika kwenye simu yake orodha ya karatasi zinazotakiwa.

Kwa wiki mbili nilikataa. Alinibembeleza kwa upole, asubuhi kabla sijatoka na jioni nikirudi. Halafu akamleta mama yake kutoka Moa. Nilimpa shikamoo, akaitika, akaketi kitandani kwangu, akanishika mkono. Akaniambia, "Mwanangu, ile ni karatasi tu. Nenda ukatufungulie njia." Mama mkwe huyu ndiye aliyeniosha mwili nilipoharibikiwa na mimba. Sikuwa na nguvu ya kumkatalia. Nikikumbuka vizuri, sikuwa na nia ya kumkatalia pia. Nilikuwa nimeshaipiga hesabu ya zile pointi kumi kichwani, mara nyingi, peke yangu, nikiwa kazini.

Tuliafikiana tutasema hatuelewani, basi. Lakini baraza la usuluhishi halitoi hati kwa neno hilo. Tulikaa mbele ya wazee watatu, watu wazima wenye haya zao, waliokuwa wametenga asubuhi yao kujaribu kutupatanisha. Mmoja alitusihi kwa sauti ya huruma. Alituuliza kama tumewashirikisha wazazi, kama tumejaribu kukaa mbali kidogo. Mume wangu akajibu yote yamejaribiwa. Mzee akasema hawezi kuandika hivyo, lazima iwepo sababu yenye uzito.

Hapo mume wangu akaanza kusema. Akasema mke wake anatumia zamu za usiku kama kisingizio. Akasema kuna gari jeupe linalomshusha kwenye kona, si mlangoni, na ndani yake hukaa mwanamume. Akazitaja siku. Akasema amevumilia kwa sababu ya heshima ya familia, na hapo sauti ikamkatika kidogo, kama mtu anayezuia machozi.

Gari jeupe lilikuwepo. Ni gari la hospitali, linalotugawa wafanyakazi majumbani tukimaliza zamu. Linaishia kwenye kona kwa sababu mtaa wetu una shimo la mfereji. Mwanamume aliyekaa ndani ni dereva.

Yule mzee alinigeukia. Hakuniangalia usoni. Akauliza taratibu, "Binti yangu, haya anayoyasema mwenzio ni kweli?"

Ningeweza kusema hapana. Nilikuwa na ulimi, na nilikuwa na akili zangu. Lakini nikisema hapana wangetuambia turudi nyumbani tukasuluhishwe, na raundi ya mialiko ilikuwa inakaribia. Nikasema, "Kweli." Kalamu ya karani ikaandika. Mzee akashusha pumzi, akasema Mungu atusitiri sote. Mashahidi wa talaka walikuwa binamu ya mume wangu na jirani yetu wa ukuta mmoja, watu niliowapakulia futari mwezi mzima wa Ramadhani. Tulipotoka nje mume wangu akawanunulia soda, wakanywa wamesimama kivulini, wakicheka kwamba mwigizaji kama yule angefaa kwenye tamthilia. Na mimi nilipewa soda. Niliinywa.

Hati ilipotoka niliipiga picha, nikaitafsirisha, nikaipakia kwenye mtandao kwa mkono wangu. Pale penye hali ya ndoa nikaweka alama kwenye mtalaka. Pointi zikapanda papo hapo.

Eda nilikaa nyumbani kwake, chumba cha pili, kama inavyotakiwa. Kwake ilikuwa dhihaka ya kila siku. Akipita mlangoni kwangu ananiita mtalaka wake, anauliza chai. Mara moja alikuja akaketi ukingoni mwa kitanda, akaniwekea mkono mgongoni. Nikamwambia akifanya hivyo atakuwa amenirejea, na karatasi tuliyoituma itakuwa uongo. Akaniuliza, "Kwani wewe unaamini tumeachana kweli?" Nilikuwa nautazama ule mkono. Tangu siku ya baraza nilikuwa nikimtazama anapokula, anapovaa viatu, nikijiuliza ile sauti iliyokatika aliitoa wapi. Siku zile zote alikuwa akinipokea kutoka zamu, ananiuliza habari za kazi, ananiwekea maji ya kuoga, na kumbe alikuwa akizihesabu siku za lile gari.

Eda ikaisha. Nilimwambia siku yenyewe ilipotimia. Alikuwa anatazama mpira, akaniambia hongera. Kesho yake nikahamia chumba cha kupanga karibu na kazini. Aliafiki, kwa sababu wakala alikuwa amemwambia anwani mbili zinapendeza zaidi kwenye faili.

Mwaliko ulikuja mchana, nikiwa nanawa mikono. Barua ilikuwa fupi na ya adabu. Serikali ya jimbo ilifurahi kunialika, ikanipa wiki mbili nijibu. Niliisoma mara tatu nikiwa nimeegemea sinki, na kwa muda mfupi nilifurahi kabisa, kama mtu asiye na doa. Kisha nikarudi mahali palipoandikwa kwamba nimealikwa kwa kuzingatia taarifa nilizozitoa juu yangu. Taarifa juu yangu. Nikaona mwandiko wa karani, na gari jeupe.

Wakala alikuwa ameiona barua kabla yangu, maana yeye ndiye aliyefungua akaunti. Siku ya pili yake mume wangu wa zamani akanijia na mama yake, na sufuria la pilau lililofungwa kwa kitambaa, na habari kwamba mwalimu wa madrasa yuko tayari kutufungisha ndoa Ijumaa, kimyakimya, isiandikishwe popote. Wakala alitaka tusubiri mpaka viza itoke. Yeye hakutaka kusubiri. Alikuwa na wasiwasi nitaruka peke yangu.

Nilimkaribisha mama mkwe kwenye kiti pekee nilichokuwa nacho. Nikamwambia mwanawe nina ombi moja tu. Aende kwenye baraza, mbele ya wale wazee watatu, aseme kwamba aliyoyasema juu yangu hayakuwa kweli. Nami nitakwenda kusema yangu. Baada ya hapo tuzungumze habari za ndoa.

Akasema haiwezekani, tutaonekana tumewadanganya wazee, na mwaliko utaharibika. Nikamwambia tumewadanganya. Mama yake akasema mambo yaliyopita tuyaache. Nikamuuliza yeye, siyo mama, ile habari ya gari jeupe na zile siku alizozitaja alizitoa wapi.

Ndipo akasema, huku akitazama sufuria, "Lile gari si lipo?"

Mama yake akafumba macho. Nadhani mpaka dakika ile naye alikuwa anaamini ilikuwa karatasi tu.

Sikupiga kelele. Nilimwambia dereva ana jina na ana wajukuu, na kila mfanyakazi wa zamu yetu anashushwa na gari lile. Akasema sawa, ameelewa, tusiharibu safari kwa jambo dogo. Jambo dogo. Alikuwa amenishuku kwa miaka, akaona afadhali aifanyie biashara shuku yake kuliko kuniuliza. Na mimi nilikuwa nimeuza jina langu kwa pointi kumi, mbele ya wazee walioshindwa kuniangalia usoni. Tulifanana. Hilo ndilo lililonitapisha. Nasema kutapika kweli, kule nyuma chooni, baada ya wao kuondoka na sufuria lao.

Wiki mbili zile kila mtu aliyejua alinipa ushauri. Mwenzangu aliyeko kule alinikumbusha kwamba sasa kweli sina mume, basi pointi ni halali yangu, nipande ndege. Hata mama yangu aliyeko kijijini Maramba, aliyenichunia kwa aibu baada ya kusikia tulivyofanya, alisema pengine ndiyo riziki yangu. Nilifungua ule ukurasa kila siku. Kila siku niliufunga bila kujibu. Siku ya mwisho ilipopita sikubonyeza chochote, na mwaliko ukafutika wenyewe.

Nilikwenda kwenye baraza peke yangu. Yule mzee aliyenisihi alinikumbuka. Nilimwambia yote, ya mume na ya kwangu, pamoja na ile "kweli" niliyoitamka. Alikasirika, na alikuwa na haki. Alisema waliacha msiba siku ile kuja kutusikiliza. Alipomaliza kunisema akamwagiza karani alete faili. Akaniambia talaka imepita, hilo halirudi, lakini naweza kuandika maelezo yangu yakafungwa humo humo. Niliandika ukurasa mmoja na nusu. Karani akamwomba dereva aje aandike yake, naye akaja, mzee wa watu, akiwa bado na sare, akatia sahihi bila kuniuliza swali.

Aliyekuwa mume wangu ameoa mwaka huu. Mtaani anasema mimi ndiye niliyekataa kurejewa kwa kiburi cha ulaya, ulaya ambayo sijaiona. Nimejiandikisha upya, bila wakala. Pointi zangu zimepungua kwa sababu ya umri, na raundi mbili zimepita sijaalikwa.