Chokaa ya Ukuta wa Nyuma

Najua sijafikia umri wa kuanza maneno kwa "enzi zetu". Wenye haki hiyo wana mvi. Lakini nyinyi wenzangu tuliokulia Frere Town, huku Kisauni, mtanielewa. Mtaa wetu umebadilika upesi mno, hata mtu wa miaka thelathini na kitu anaweza kukaa kibarazani akahadithia kama ajuza. Pale tulipocheza mchezo wa kati pamesimama gorofa. Pale tulipochimba vishimo vya gololi pana geti la chuma, na askari anayekuuliza unaenda kwa nani, wewe uliyeacha ngozi ya magoti yako yote mawili kwenye mchanga ule.

Basi niacheni niseme. Enzi zetu Krismasi haikuanza kwa nguo mpya. Ilianza kwa harufu ya chokaa.

Nililelewa na Nyanya, mama wa mama yangu, katika nyumba ya mawe ya matumbawe iliyojengwa na watu wa kwanza wa misheni. Babu yake Nyanya aliletwa hapa akiwa mtoto, ameokolewa mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa, hajui kwao ni wapi wala jina alilopewa na mamake. Hao ndio walioinua kuta zile. Zilikuwa nene kiasi kwamba niliweza kukaa dirishani nimekunja miguu, kitabu mapajani, na mgongo wangu usichungulie nje. Ukitoka juani saa saba mchana ukaingia ndani, ilikuwa kama kuteremka kisimani. Mimi niliona kero tupu: hakuna kona iliyonyooka, msumari haushiki, na ukiegemea ukuta kwa sare ya shule unaondoka na mgongo mweupe.

Wiki moja kabla ya Krismasi, Mjomba Elija, kaka yake mama, alikuja na magunia ya chokaa kutoka kwa wachomaji. Aliimwaga ndani ya pipa, akatia maji, akaruka nyuma. Chokaa ikaanza kuchemka bila moto, inatokota na kutoa moshi kama pilau ya majini.

"Rudi nyuma wewe!" alikuwa akipiga kelele. "Ikikurukia, Krismasi utaiona kwa jicho moja!"

Ikishapoa, Nyanya alitia chumvi ili isishike sana kwenye nguo, kisha akatia buluu kidogo, ile ya kufulia mashuka, ili weupe ung'ae. Hakupima. Alichota kwa vidole viwili, akatazama, akanyunyiza. Brashi zetu zilikuwa vipande vya makumbi ya nazi vilivyopondwa ncha kwa jiwe. Watu wazima walikuwa na ndoo yao, watoto tulikuwa na debe letu, na sheria ilikuwa moja, haijadiliwi: mtoto apake pale mkono wake unapofika. Huruhusiwi kupanda stuli, wala kubebwa. Juu ya mkono wako ni kazi ya wakubwa. Kwa hiyo sisi hatukupimwa urefu kwa alama za kalamu mlangoni kama watoto wa siku hizi wenye chati ya twiga ukutani. Tulijipima kwa chokaa. Mwaka uliogundua kwamba umefika juu ya kizingiti cha dirisha, ulitembea mtaani kifua mbele.

Katikati ya kazi kulikuwa na mahamri na mbaazi za nazi, na mikono yetu ilikuwa imekauka kwa chokaa hata mchuzi ukatuchoma kwenye nyufa za vidole. Tulilia tukila, tukala tukilia.

Na kila mwaka, wakati huo wa kula, ilisimuliwa habari ya Krismasi ya buluu.

Mama yangu alifariki nikiwa na miaka minne. Sina sura yake kichwani, nina picha mbili tu ambazo zote amefumba macho. Kilichobaki ni hadithi, na hadithi kubwa kuliko zote ni hii: kwamba akiwa na miaka tisa hivi alichukua buluu yote iliyokuwa nyumbani akaimwaga ndani ya debe la watoto, kisha akapaka ukuta wote wa nyuma peke yake, wengine wakiwa kanisani kwenye mazoezi ya nyimbo. Waliporudi, wakakuta ukuta una rangi ya mbingu.

Mimi nilikuwa mtoto wa kuuliza. Nyanya aliniita Bi Mbona. Nikiitwa naitikia "Abee", na kabla sijafika nimeshauliza mbona naitwa.

"Mbona hakuna picha?" niliuliza.

"Nani alikuwa na kamera, Bi Mbona?"

"Mbona jirani anasema ilikuwa nyumba nzima?"

"Jirani alikuwa amekunywa."

"Na mbona Mjomba hataki kusema?"

Mjomba Elija aliinuka kila mara hadithi ilipofika hapo, akaenda kukoroga pipa ambalo halikuhitaji kukorogwa. Nikaamua kwamba hadithi ile ni uongo wa huruma, ule anaopewa yatima. Marehemu wote husifiwa. Kwa nini mama yangu peke yake awe kweli?

Nilikwenda chuo kikuu Nairobi, nikasoma kemia. Huko nilijifunza kuandika kwa herufi na namba kile kilichokuwa kikichemka ndani ya pipa la Mjomba, nikadhani sasa najua chokaa kuliko Nyanya. Nilipoanza kazi, zawadi yangu ya kwanza kwake ilikuwa simiti. Wenzangu, mnakumbuka jinsi simiti ilivyoheshimika kwetu. Nyumba ya chokaa ilikuwa ya waliobaki nyuma, na nyumba ya simiti ilisema kuna mtoto aliyesoma. Nilileta mafundi wakapiga plasta ukuta wote wa nyuma, ndani na nje, laini kama sahani, wakamalizia kwa rangi ya dukani.

Nyanya aliupapasa. "Umependeza," alisema. "Lakini utapumulia wapi?"

Nikacheka. Ukuta hauna mapafu, nilimwambia.

Krismasi hiyo hatukupaka chokaa. Wala iliyofuata.

Masika ya mwaka wa tatu, kipande cha ukuta chenye ukubwa wa mlango kilianguka chumbani kwa Nyanya. Ilikuwa asubuhi, yuko jikoni anachuja chai, kwa hiyo ninaandika haya bila kilio. Lakini nilipofika nikaona mto wa kitanda chake umezikwa chini ya ile simiti yangu. Ukuta uliobaki ulikuwa umevimba, umelowa, unatoa chumvi kama mtu mwenye homa.

Mjomba Elija alikuwa amemaliza kuzungumza na wajenzi kabla sijavua viatu. Usimdhanie vibaya. Amefanya kazi bandarini miaka mingi, anaona makasha yakipangwa mpaka juu, na kila dirisha la nyumba yetu sasa linatazama gorofa la mtu. "Mama atapata chumba chake chini ya gorofa jipya, chenye sakafu ya tailizi," alisema. "Nyumba imetuchoka. Mvua ikiisha tunabomoa."

Nyanya hakubisha. Alikuwa anakunja mashuka. Alisema tu, "Mimi niliingia humu nimebebwa. Nikitolewa, nitolewe vilevile," akaendelea kukunja.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Si mvua iliyoangusha ukuta ule. Ulisimama vizazi kadhaa, ukaja kuangushwa na mtu mmoja mwenye digrii.

Nilimtafuta fundi. Vijana wote wanajua tailizi, hakuna anayejua chokaa. Mwishowe Likoni nikampata Fundi Omari, aliyefundishwa na babake, ingawa naye siku hizi anaishi kwa kubandika tailizi. Alikuja, akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akatega sikio.

"Nani alotia simiti hapa?"

"Mimi."

"Wewe ndiwe uliyesoma?"

"Ndiyo, fundi."

"Wallahi, yaonekana." Akatikisa kichwa. "Mwanangu, tumbawe lanywa maji chini, latoa jasho usoni. Sasa wewe umelifunga uso. Maji yatokee wapi? Kwa masikio?"

"Ukuta umekufa?" nilimuuliza.

"Sijui. Mpaka tuuvue."

Nikamwomba Mjomba jambo moja: tuubandue ukuta wa nyuma kwanza. Mawe yakiwa yameoza, nyundo ya kwanza ya kubomoa nitaishika mimi. Akakubali, nadhani kwa kuwa alitaka kuniona nikiishika.

Fundi Omari alianza kubandua mvua zilipokatika. Simiti iling'oka kwa mabamba makubwa, na mgongoni mwake ikang'oa sehemu kubwa ya chokaa yetu ya zamani. Niliokota bamba moja nikalitoa juani ili nione unyevu umeingia kiasi gani. Nikaligeuza ubavu.

Sijui nitawaelezaje. Mmeshawahi kutazama kitabu kinene kikiwa kimefungwa, upande wa kurasa? Ndivyo ilivyokuwa. Mstari juu ya mstari, mweupe, wa rangi ya maziwa, wa pembe za ndovu, mweupe tena, myembamba kama karatasi. Kila mstari Krismasi moja. Nilianza kuhesabu kwa ukucha nikapotea, nikaanza tena, nikapotea tena. Juu kabisa, karibu na simiti yangu, palikuwa na mistari ya utoto wangu. Na chini kabisa, upande ulioshikana na jiwe, palikuwa na tabaka moja nene, la mikono isiyo na uzoefu, lililopakwa na watu ambao hawakuwahi kumiliki kitu, hata miili yao wenyewe, na siku moja wakajipatia ukuta. Nilikuwa nimeegemea jambo hili miaka yote, nikalalamika kwamba linachafua sare.

Katikati, palikuwa na mstari wa buluu.

Nilikaa chini, pale pale kwenye vifusi. Kisha, kwa kuwa ndivyo nilivyo, nikakataa kuamini. Rangi inaweza kupenya. Unyevu unaweza kufanya mambo. Nikachukua kisu cha jikoni nikaenda ukutani, kwenye sehemu ambazo chokaa ilikuwa bado imeshika, nikakwangua polepole tabaka kwa tabaka, kuanzia chini. Buluu. Shubiri moja juu, buluu. Nikahamia upande wa pili wa dirisha, buluu. Nikapanda, shubiri baada ya shubiri, mpaka usawa wa shingo yangu. Hapo ikaisha. Juu yake nyeupe tupu, katika mwaka uleule. Nikapima sehemu tano, na zote tano mstari ulikoma usawa ule ule, ukipanda kidogo na kushuka kidogo, kama mtu anayesimama kwa vidole vya miguu kisha akachoka.

Mtoto apake pale mkono wake unapofika.

Niliweka kiganja changu pale. Kwa mara ya kwanza maishani nilijua kitu kuhusu mama yangu bila kuambiwa na mtu. Nilijua urefu wake.

Sikusikia Mjomba akija nyuma yangu. Alisogea, akapitisha kidole gumba kwenye ule mstari.

"Nilichapwa mimi," alisema.

"Kwa nini?"

"Nilikuwa mkubwa, na siku hiyo nilitoroka mazoezi. Wakasema msichana hawezi peke yake. Nikasema si mimi, nikaongezwa viboko kwa uongo." Akapangusa chokaa kidoleni. "Yeye alikaa pale, ameshika debe, anacheka. Mikono ya buluu mpaka kwenye viwiko, na bado hakuna aliyeniamini."

"Mimi sikuamini hata kwamba aliwahi kuwepo."

Aliupigapiga ukuta kwa kiganja. Kisha akamgeukia fundi kwa ile sauti yake ya bandarini. "Omari! Mawe je?"

"Mawe yapo hai, mzee. Yataka upepo tu. Yaacheni wazi mpaka mwisho wa mwaka."

"Basi yapewe upepo."

Hivyo ndivyo nyumba ilivyopona, ingawa si yote. Jiko la nje limebomolewa, na kwenye kiwanja chake Mjomba anajenga vyumba viwili vya kupangisha, vya simiti, nami sikumbishia. Upande wa pili wa barabara, nyumba kama yetu iliangushwa kabla ya chakula cha mchana, na vumbi lake jeupe likaja kutua kwenye nguo tulizoanika. Nililitazama nikawaza ni Krismasi ngapi zile zinazopeperuka.

Nilitaka tuuache ule mstari wazi. Nilipanga niweke kioo na kibao kidogo cha maelezo, watu waje waone. Nyanya alinisikiliza mpaka mwisho.

"Funika," alisema.

"Lakini, Nyanya, ndio ushahidi!"

"Umekaa miaka yote hiyo kwa sababu ulifunikwa. Ukiuacha wazi, jua litaula kabla hujaolewa. Na mimi humu nalala, si jumba la makumbusho. Funika."

Krismasi iliyopita tulipaka. Mjomba alimwaga chokaa, akaruka nyuma polepole kuliko zamani. Enzi zetu kila nyumba mtaani ilikuwa inapakwa wiki ile, na chokaa ilitutambulisha sote, nywele nyeupe, nyusi nyeupe, hujui huyu wa nani. Sasa nyumba huja na rangi yake kutoka dukani, haidai kitu kwa mtu, na watoto hukua humo bila kuacha hata alama ya kidole. Ni safi sana. Mgongo wa sare hauchafuki.

Nyanya aliomba stuli, si ya kupandia bali ya kukalia. Mkono wake siku hizi hauinuki kupita bega. Alipaka chini, kwenye usawa wa watoto, pamoja na kitukuu wake, mjukuu wa Mjomba, msichana wa miaka saba aliyekuja na simu ya mamake, akajipiga picha kumi na mbili kabla ya kugusa makumbi. Nilimwonyesha mahali kwa kidole. Nikamwambia kwamba hapa chini, ndani, pana buluu ya mbingu, na aliyeipaka alikuwa mama yangu, alikuwa mkubwa kidogo tu kuliko wewe.

Akanitazama juu mpaka chini.

"Una picha?"

"Sina. Imo ukutani."

Aliguna. Lilikuwa guno langu la utotoni, lile lile. Kisha akachovya makumbi ndani ya debe, akasimama kwa vidole vya miguu, akapaka mpaka pale mkono wake ulipofika.