Nilikataa kuwa "Staff", maana yake nikaijulia kwa rock concert

Wakuu, niaje. Hii stori sijaitia chumvi. Ningeitia, ningejipa sehemu nzuri zaidi.

Mimi ni mtu wa code, naishi Free Area, natafuta unga kwa kampuni ndogo ya software hapa Nakuru. Tangu nianze kazi kiu yangu ilikuwa moja: kuitwa Senior Engineer. Wengine huomba Mungu mke, mimi nilikuwa naomba Senior.

Juzi bosi wetu, mama mmoja mpole sana, akaniita ofisini. Akasema kazi yangu wameiona, wanataka kunifanya Staff Engineer.

Wakuu, nilihisi nimetukanwa.

Kwetu hapa staff ni nani? Kwa stage ya matatu, makanga akisema "huyo ni staff", maana yake ni mwenzao wa gari, asiitishwe nauli. Kwa hoteli, mlango wa staff ni ule wa kando ya masufuria. Miaka yote ya kukosana na bugs, hayo makosa ya code, halafu niwe staff?

Nikamwambia kwa heshima zote, "Madam, asante, lakini staff hapana. Nipeni Senior."

Akaniangalia. "Uko sure?"

"Sure kabisa."

"Sawa. Sitakulazimisha. Senior utapata."

Nikatoka pale kifua mbele. Nikampigia mathe huko Subukia nikamweleza. Akanisifu: "Umefanya vizuri, wasikufanye kibarua na umesoma."

Jumamosi, Kiprop akasema ananipeleka rock concert, kwa shamba moja upande wa Kariandusi. Kiprop tunakaa naye meza moja kazini, na mimi ndiye nilimfundisha kazi. Analipa yeye. Rock siijui, lakini cha bure nakijua.

Kidogo tu kuhusu watu wa rock. Wamevaa nyeusi tupu kwa jua la mchana, boots mpaka magotini, sura za hasira. Halafu vumbi jeupe la huko likawapata. Kufikia wimbo wa pili wote walikuwa wanakaa kama watu wa posho mill waliotoka kusaga unga. Mwimbaji akapiga nduru nikadhani ameumwa na siafu, kumbe ni chorus.

Nikachoka, nikakaa kwa nyasi na simu. Nikafungua makala kuhusu career ya senior software engineers, nijue sasa nitakuwa naringa vipi. Mwandishi anajipenda huyo! Kila sentensi ni impact, influence, leverage. Nikaruka mpaka pale amepanga ngazi.

Junior. Mid. Senior. Na juu ya Senior: Staff.

Nikazima simu, nikaiwasha tena. Ngazi ilikuwa palepale.

Kiprop akarudi na soda. Nikamwonyesha, nikamwuliza kwa sauti ya kushinda gitaa, "Hawa wamekosea, ama?"

Hakucheka. Na huyo mtu hucheka hata matangazo ya redio.

"Hawajakosea, boss. Madam alinipea hiyo Staff jana. Nilishindwa kukushow. Nikaona nikulete kwa kelele, ukianza kunitusi nisiskie."

Iliniuma, wakuu. Nilitaka kumrushia soda. Halafu nikakumbuka hakuna kitu ameniibia. Mimi ndiye nilikikataa, tena kwa heshima zote.

Jumatatu nikarudi kwa madam kuiomba ile Staff. Akasema tu, "Nilikuuliza kama uko sure." Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu ameshaota meno.

Nimejifunza hivi: neno likikukasirisha, muulize aliyelisema analimaanisha nini, kabla hujatoka kifua mbele. Na aliyeamua kuweka staff juu ya senior, huyo hajawahi kuajiriwa Kenya.

Siku hizi code yangu lazima ipitie kwa Kiprop kwanza. Leo asubuhi amenirudishia na comment moja: "Senior, hapa umeharakisha."

Nimekagua. Ni kweli niliharakisha.

Wa kunicheka, karibuni, nafasi ni nyingi. Lakini kama kuna mwingine aliwahi kukataa cheo akidhani ni tusi, tafadhali ajitokeze, nisikae kwa hili benchi peke yangu.