Mji Uliomkumbuka Sauli

Miaka ile pesa za mafuta zilipoifanya Jeddah nzima iwe vumbi na winchi, nilifika na mkataba wa fundi umeme, na kafili wangu, yule mwajiri aliyenidhamini, akachelewesha ikama, kibali cha kuishi nchini, kwa miezi minne. Bila ikama huna pa kwenda. Mkenya mmoja, mpima ardhi, alinichukua chumbani kwake, mtaa wa Kandara hapo hapo Jeddah, akanilisha, na ndiye aliyekwenda kwa kafili wangu tena na tena mpaka karatasi zikatoka. Hakuwa akinijua hata kidogo; alinisikia tu nikiongea Kiswahili dukani.

Ijumaa asubuhi tulikuwa Wakristo sita chumbani humo, pazia limeshushwa, tukisoma Maandiko kwa sauti ya chini, maana ibada yetu ilikatazwa nchini humo. Mwenyeji wangu alipenda habari za Yabesh-Gileadi, mji mdogo ng'ambo ya Yordani. Adui aliuzingira, akataka kuwang'oa watu wake wote jicho la kulia, na Sauli, mfalme mpya ambaye bado alikuwa akifuata ng'ombe shambani, akaenda kuwaokoa. Miaka ikapita, Sauli akaanguka vitani, maadui wakautundika mwili wake ukutani. Israeli nzima ikanyamaza. Ni watu wa Yabeshi peke yao waliotembea usiku kucha, wakamshusha, wakamzika kwao na kufunga siku saba.

"Sauli alikosea mengi," alikuwa akisema, "lakini kuna mji mmoja ambao haukumsahau. Mtu anahitaji mji mmoja tu."

Nami nilikuwa nikiitikia kwa kichwa, mwanafunzi mwema.

Akahamishiwa Riyadh. Hata mwaka haukuisha, akaanguka kutoka kwenye jengo, akafa. Simu ikaja: kafili wake hatatia sahihi maiti isafirishwe mpaka jamaa wa marehemu aje amtambue. Mzee mmoja wa Kizanzibari, mwenye duka la vitambaa mtaa wa Al-Mahjar, ambaye ndiye aliyetuuzia lile pazia, akaniambia twende pamoja. Tukapatana tukutane stesheni ya basi.

Sikwenda. Niliogopa huko wataniuliza tulijuana vipi, na zile Ijumaa zitajulikana. Nilikuwa nimebakiza miezi michache ya mkataba. Shukrani ya punda ni mateke, na mimi hata teke sikupiga. Nilikaa tu kitandani, viatu miguuni, mpaka nikajua basi limeondoka. Nimezeeka sasa, na bado naona haya.

Mzee alirudi siku ya nne, akapitia kwangu kabla hajafika kwake.

"Yamekwisha, mwanangu. Wameniuliza jamaa yake nani, nikawaambia mie. Kesho anarudishwa kwao." Akakaa, akavua kofia. "N'likungoja weye mpaka basi likaondoka. Ulikuwa na nini?"

"Homa, mzee wangu," nikasema.

Akaniwekea kiganja kwenye paji la uso, akakiacha hapo kidogo. Kisha akanipa pole.