Turubai Ng'ambo ya Barabara

Kwetu mwanamke akijifungua huenda kwa mama yake, akakaa huko mpaka mtoto atembee. Hakuna aliyeniambia sababu. Mama na binti hawazungumzi mambo ya kitandani. Hiyo ni kazi ya bibi, na bibi yangu alikuwa amekwisha kufa. Nilidhani mzazi hupelekwa kwao akale vizuri na kupumzika, basi.

Nilijua maana yake wakati wa vita, nilipojifungua kwa kupasuliwa. Daktari alimwambia mume wangu mbele yangu: "Muke yako akishika mimba ingine mbele ya mutoto kutembea, tutamuzika." Mama yangu alikuwa Alunguli, upande wa pili wa mto, na wanajeshi walikuwa wamekataza mitumbwi. Aliyejaribu kuvuka alipigwa risasi. Nikabaki kwenye kitanda kimoja na mwanaume niliyempenda, nikimwogopa kuliko wanajeshi.

Kituo cha afya kilichokuwa wazi kilikuwa kimoja tu, cha parokia. Mtawa mpole alinifundisha kalenda, siku za hatari na siku za salama. Nilimwuliza kama kuna kidonge. "Hapa hatutoe hiyo, mama. Mungu atakulinda." Imani nilikuwa nayo, lakini nilikuwa nimeshazika wengi walioambiwa hivyo hivyo. Tena kalenda ile inataka mwili unaokula. Sisi tulikuwa tunakula sombe, majani ya muhogo, bila mafuta wala chumvi, na damu yangu ikakatika. Ni njaa au ni mimba? Kila asubuhi nilijipapasa tumbo kabla ya kufumbua macho. Mume wangu akigeuka tu kitandani, moyo unanipasuka. Nilikaa na hofu hiyo mpaka mtoto akatembea na tumbo langu likabaki lilivyokuwa. Ilikuwa njaa. Sikufurahi hata kidogo, nilikuwa nimechoka mno.

Kwa hiyo binti yangu nilimweleza kila kitu mapema. Majirani walisema ninamfundisha umalaya. Niliwaacha waseme, midomo ni yao.

Leo binti huyo ni mke wa katekista, kijana mwema, na amekwisha kupasuliwa mara mbili. Daktari amemwambia maneno yale yale, kwa upole zaidi. Kituo ni kile kile. Dawa zinatoka serikalini, lakini anayekiendesha ni parokia. Kamati ya afya ya mtaa ilipokutana, padri, mchungaji na imamu, watu wasiokubaliana hata juu ya siku ya salongo ya kufagia mtaa, walikubaliana mara moja: vijiti vya uzazi wa mpango visiingie ndani ya uzio, na somo lake lisisikike shuleni. Afisa wa serikali aliinamisha kichwa. Wakapatana kwamba siku za kampeni ya vijiti turubai lifungwe ng'ambo ya barabara. Basi muuguzi yule yule anayekwambia ndani ya uzio kwamba kitu hicho hakipo, siku hiyo anavua koti jeupe, anavuka barabara na kukuwekea kijiti. Kila mtu anajua. Dhambi inaishia kwenye lami.

Lakini barabara ile imejaa macho. Siku yetu ilipofika, binti yangu aliganda langoni mwa kituo. Wauza mandazi walikuwa hapo, waendesha pikipiki, na waumini waliokuwa wakitoka misa.

"Mama, watu wote wako natuangalia. Wataenda kumwambia bwana yangu."

Mimi nami niliogopa, sitasema uongo. Ila mimi nikiogopa sana ninakasirika, na nikikasirika ninapiga kelele.

"Nishike mukono!" nikasema kwa sauti mtaa mzima usikie. "Mimi njo niko naenda kule. Muzee pia anachoka kuzaa!"

Waendesha pikipiki waliangua kicheko. "Koko, uko natafuta mutoto ingine?"

"Na weye njo baba yake? Na sura ile? Hapana!"

Walicheka mpaka tukafika. Walikuwa wananitazama mimi, koko, ajuza mwenye mvi, na binti yangu alikuwa msindikizaji tu. Chini ya turubai muuguzi alinitazama, akamtazama binti yangu, akavuta pazia. Hakuuliza habari za mume. Namshukuru kwa hilo.

Ilikwisha upesi. Binti yangu akabonyeza mkono wake kwa ndani, juu kidogo ya kiwiko, akabonyeza tena.

"Mama, kidole iko naikuta. Na yeye akiikuta?"

Nilimfunika mkono kwa kitenge, tukavuka kurudi. Kwenye njia panda ninapoachana naye kila siku, aliniomba nimfikishe mpaka mlangoni kwake, kwa mwanaume ambaye hajawahi kumpiga hata kofi.