Mbwa Aliyetujua Watatu Tu

Mume wangu alimleta yule mbwa akiwa mdogo bado, macho ndiyo kwanza yanafunguka, ndani ya kapu lililofunikwa kwa kipande cha shuka. Mwaka ule tulikuwa tumehama Kwihara na kufungua shamba jipya mbali na majirani, kule ambako njia ya zamani ya misafara inaingia kwenye miombo. Ilikuwa miaka michache baada ya ile vita ya pili, Mwingereza bado yuko. Fisi walikuwa wengi, na chui alikuwa amekwisha kutuchukulia mbuzi. Mume wangu alikuwa mrina asali. Akienda kwenye mizinga yake alikaa huko porini hata mwezi ukaandama na kukua, na nyumbani nikabaki mimi na mavyaa wangu, mama yake, ambaye magoti yalikuwa yamemwisha.

"Asizoee watu," mume wangu aliniambia. "Mbwa aliyezoea watu anaishia kulala tu."

Basi tukamlea hivyo. Mtu akipita njiani, nilimfungia mbwa jikoni. Jumapili nikienda kusali, alibaki na mavyaa. Akakua akiwajua watu watatu duniani, na hata katika hao watatu, aliowatii ni mume wangu na mimi. Mavyaa alimpa ugali, akaula, lakini akimwita hakugeuka.

Wanawake wa Kwihara walipokuja kunisaidia kuvuna, miguu mitupu, khanga viunoni, mizigo kichwani, alibweka kidogo kisha akalala, kwa kuwa walifanana nasi. Lakini siku moja alikuja mmoja wao ameshika mwavuli, na mbwa akapagawa kabisa. Tulimshika kwa shida. Mwavuli ulipokunjwa akanyamaza, ila macho hayakumtoka yule mama mpaka alipoondoka.

Na alipokuja mfanyabiashara Mwarabu wa mjini na punda wake, amevaa kanzu na kilemba, anauza vitambaa, mbwa hakubweka hata kidogo. Alijikunyata chini ya kihenge cha nafaka, mkia katikati ya miguu, anatetemeka, amejikojolea. Nilimwonea huruma. Yule mzee akafunga mizigo yake, akaaga, akageuka kwenda zake. Alipotupa mgongo tu, mbwa alitoka mbio chini ya kihenge akamuuma kisigino.

Niliosha kile kidonda huku naomba radhi. Siku ile ndipo nilipoelewa kwamba mbwa wetu hakuwa mkali. Alikuwa mwoga. Kila asichokiona utotoni kilikuwa kwake kama chui. Nilimwambia mume wangu aliporudi, akacheka.

"Woga au ukali, mwizi atajuaje?" akasema.

Nilikuwa na mimba ya kwanza wakati ule. Mume wangu alihesabu miezi yake, akasema atakwenda porini na kurudi kabla sijajifungua. Uchungu ukanianza yeye hayupo.

Mavyaa alikuwa amezalisha wanawake wengi na mwanzoni hakuwa na wasiwasi. Alinikanda mgongo, akaniambia nitembee. Usiku ukapita, mchana ukapita, na mtoto hakushuka. Asubuhi iliyofuata alinipapasa tumbo mara moja, kisha tena. Alitoka nje, akajikokota kwa magoti yake mabovu mpaka njiani, akakaa pale mpaka alipopita mtu wa baiskeli anapeleka tumbaku mjini. Akamwomba apitie misheni amwambie sista mkunga. Aliporudi ndani aliketi karibu yangu, akafunga kitambaa chake upya kichwani.

"Watakuja," akasema. "Vumilia, mwanangu."

Mbwa alikuwa amelala kizingitini tangu nilipoanza kupiga kelele. Hakula. Kila nilipolia, naye alilia kwa sauti ndogo.

Jua lilikuwa limepanda sana niliposikia gari kwa mbali, likazima pale njia inapokuwa nyembamba. Nikashukuru Mungu. Kisha nikamsikia mbwa akiinuka.

Nilichosikia baada ya hapo nitakisikia mpaka nife. Sikuona kitu, maana nilikuwa nimelala mkekani nyuma ya ukuta wa udongo, lakini mavyaa alinieleza yote baadaye, na masikio yangu yalikwisha kunieleza. Sista alikuwa mzungu, mrefu, amevaa joho jeupe mpaka miguuni, na shela yake ilikuwa inapigwa na upepo. Alivaa miwani na viatu vyeusi, na mfuko wake ulinuka dawa. Nyuma yake alikuja katekista, mwanamume mwenye kofia kubwa na fimbo. Mbwa wetu hakuwahi kuona hata kimoja katika hivyo.

"Hodi," sista aliita.

"Karibu, Mama Sista, lakini usisogee," mavyaa akajibu. "Simama hapo hapo."

Mavyaa alimwita mbwa, hakugeuka. Akamtupia tonge la ugali, likaanguka puani pake, hakulitazama. Akamshika shingoni, naye akamng'ata mkono, yeye aliyemlisha tangu alipokuwa wa kubebwa kapuni. Nilisikia mavyaa akivuta pumzi kwa maumivu. Katekista akainua fimbo, na hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Mbwa alirudi mlangoni akajibana kwenye kizingiti, akawa anabweka bila kupumzika hata kupumua.

"Nirudi mjini nitafute mwenye bunduki," katekista akasema.

"Mpaka urudi, mama huyu atakuwa amekufa," sista akasema.

Nilimsikia akisema hivyo. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole na kila neno lilinifikia.

Nilijaribu kumwita mbwa wangu. Sauti haikutoka. Nilikuwa nimepiga kelele siku nzima na usiku, koo limekauka, na maumivu yalipokuja yalinifunga kinywa. Nilichoweza kutoa ni mlio tu, na kila niliposikika mbwa alizidi kuwa mkali, kwa kuwa aliamini wale watu ndio wanaoniumiza.

Basi sista akavua viatu. Mavyaa anasema alivivua taratibu, akavua na miwani, akamwambia katekista arudi garini na fimbo yake. Akaomba khanga. Mavyaa alimrushia moja iliyokuwa imeanikwa uani, khanga yangu, na sista akaivua ile shela, nywele zake fupi zikaonekana, akajitanda khanga yangu mpaka usoni. Kisha akakaa chini mavumbini, akampa mbwa mgongo, akatulia.

Mbwa akapunguza sauti. Akawa ananguruma tu. Sista akajisogeza kinyumenyume, akakaa, akajisogeza tena. Mbwa akanusa khanga kwa mbali, harufu ni yangu, lakini ndani yake mna mtu mwingine, akachanganyikiwa. Hakuuma wala hakuondoka mlangoni. Na muda wote ule mimi nilikuwa naisikia nguvu yangu inaniishia, na mtoto aliyekuwa akinipiga mateke tangu usiku akawa amenyamaza.

Hapo nikajua kwamba hakuna atakayeingia kama sitatoka. Niligeuka kwa ubavu. Nikatambaa. Mlango haukuwa mbali, lakini nilifika nimeuma kiganja changu mpaka damu. Nilimshika mbwa shingoni kwa mikono miwili, nikamvuta ndani, nikaulaza uso wangu juu ya mgongo wake. Moyo wake ulikuwa unakwenda mbio kuliko wangu.

"Ingia," nikasema, au nilidhani nimesema.

Sista aliingia. Hakuomba mbwa atolewe, maana nani angemtoa? Alinizalisha pale pale kizingitini, nusu nje, nusu ndani, huku nimemkumbatia mbwa. Nilipokazana, nilimkaba. Hakunigusa kwa jino. Alitetemeka tu na kumwangalia yule mwanamke, macho meupe.

Mtoto alikuwa wa kiume. Alivuta pumzi, nilimsikia, mara chache na kwa shida. Sista akammwagia maji ya kibuyu kichwani, akambatiza. Kisha akampa mavyaa, na mavyaa akanipa mimi, mtoto akafia mkononi mwangu. Mkono mwingine ulikuwa bado umemshika mbwa.

Sista alikaa nami mpaka damu ilipokata. Akamfunga mavyaa kidonda. Alipokuwa anavaa viatu vyake nilimuuliza.

"Ungeingia mapema, angepona?"

Alimaliza kufunga kamba za kiatu.

"Sijui, mama," akasema. "Kweli sijui."

Mume wangu alirudi na asali na nta, akakuta kaburi dogo. Mama yake ndiye aliyemweleza, mkono umefungwa kitambaa. Alichukua upinde na mshale, akampigia mbwa mluzi, na mbwa akamfuata kwa furaha kama siku zote walipokuwa wakienda porini. Alirudi peke yake. Nilikuwa nataka kumwambia kwamba ndiye aliyetaka mbwa awe hivyo, na nilikuwa nataka kulia kwa ajili ya mbwa, na yote mawili yakanikwama. Niliaga nikarudi kwetu Kigwa kupumzika.

Nyumbani kwetu mbwa wa baba alikuwa amezaa. Nilikaa uani nikitazama watoto wake wananyonya, na maziwa yangu yanalowesha khanga, kwa ajili ya nani? Mama alinifunga kifua kwa kitambaa, hayakukoma. Watoto wa mbwa walipoanza kutembeatembea, nilimchukua mmoja, jike la kijivu, nikamtia ndani ya khanga, nikaenda naye stesheni.

"Unakwenda kumuuza?" mama aliniuliza.

"Nakwenda kumwonyesha watu."

Mama alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa, akaniacha.

Gari moshi lilipoingia kutoka Dar es Salaam, walishuka Wahindi na masanduku yao, askari wa kaptura na viatu vizito, mzee kipofu akiongozwa kwa fimbo, akina mama wa Kiislamu wamejitanda buibui, mzungu mmoja na kofia yake. Mtoto wa mbwa alijificha kwapani mwangu na kunikojolea. Nilimtoa kichwa nje. Akajificha tena, nikamtoa tena. Watu walinipita na kunitazama. Mzee mmoja alisimama akanisalimu, nikamwomba amshike kidogo, akamshika, akamkuna sikio, akanirudishia bila kuuliza.

Nilikwenda kila gari lilipokuja. Mume wangu alipotuma mtu kuniuliza nitarudi lini, nilimjibu kwamba sijui, na huo ndio ulikuwa ukweli. Maziwa yalikuwa bado yanatoka.