Sufuria ya Bibi Siku ya Mapinduzi

Januari hii sikukuu ya Mapinduzi imenikuta Mwanza, nimekaa mgahawani, televisheni inaonyesha gwaride la Unguja. Mhudumu akaniletea minofu ya sangara isiyo na mwiba hata mmoja. Nimeitazama sahani ile, ndugu yangu, nikaona haya kama mtoto.

Utotoni kwetu Igombe, Mapinduzi yalikuwa ya uwanja wa shule. Bibi yangu, aliyeamini kuwa Unguja ni kisiwa cha ziwani kama Ukerewe, ndiye alikuwa mkuu wa wapishi. Wacheza bugobogobo walitoka Kisesa na majembe yao ya ngoma, na bibi akitania kwamba wageni hawa hawangoji siku ya tatu wapewe jembe. Sisi wanafunzi tulicheza halaiki, vumbi mpaka puani, huku harufu ya samaki aliyeungwa kwa nyanya ikituharibia mistari. Wale wageni walikuwa wafugaji, samaki mbichi walimla kwetu tu. Heshima yote ya bibi ilikuwa ndani ya sufuria ile.

Kisha vikaja viwanda vya minofu. Sangara akawa anatoka mtumbwini anaingia kwenye gari la barafu, huyoo Ulaya. Sokoni yakabaki mapanki, vichwa na migongo iliyokwanguliwa nyama. Sisi tulishayazoea. Sikukuu ilipofika bibi akayakaanga, akayaunga vizuri, akaamini wageni nao watayafurahia.

Mzee kiongozi wa ngoma akainua uti wa mgongo mtupu, akaugeuza huku na huku.

"Mama, samaki wa kwenu wameugua?"

Uwanja mzima ukacheka. Bibi naye akacheka. "Nyama imepanda ndege, baba. Sisi tumebaki kuaga." Lakini mimi nilikuwa kando yake na jagi la kunawisha, nikamwona akiifunika sufuria harakaharaka. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mwaka uliofuata alijihimu, akambembeleza mvuvi mmoja mpaka akapata sato wazima, wanono. Alipika akiimba. Wageni wakaja, wakacheza, halafu wakakaa pembeni na kufungua vifurushi vya michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, walivyopika kwao.

"Usisumbuke, mama," mzee akamwambia kwa upole. "Safari hii tumekuja na chetu."

Bibi alikuwa ameshashika mfuniko. Angefunua, angewaumbua watu waliomhurumia. Akauachia. Akaketi nao, akapokea kipande kimoja, akatafuna, akashukuru. Sufuria tulirudi nayo nyumbani imefunikwa vilevile, na njia nzima hakuimba.

Bibi hayupo tena. Halaiki hakuna, na siku yenyewe imekuwa ya kulala na kufua. Aibu ile tu ndiyo haijaondoka, na sijui hata ilikuwa ya nani.

Mhudumu amekuja kuuliza mbona sijagusa samaki. Nimemwomba anifunikie.